Uso wa Mama Andati

Kelele ilitoka nyuma ya pazia kabla sala haijafika amina.

Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamefumba macho chumbani kwa Mwongeli, magoti yamegusana, maana chumba cha kupanga cha Kayole hakikujengwa kwa ajili ya wageni kumi na mmoja. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, na zamu ya maombi ya kina mama wa ploti, ua wa vyumba vya kupanga wanamoishi, ilikuwa imefika kwake. Chai ya maziwa alikuwa ameipika. Mandazi ameyafunika kwa kitambaa. Cherehani ameisukuma kwenye kona, akaiwekea Biblia juu. Kitu kimoja tu hakukifikiria, nacho ndicho kilichomponza: hakufikiria kwamba Mama Andati angekuja na mtoto.

Mama Andati, Beldina kwa jina lake, alikuwa jirani wa mlango wa tatu. Mwanawe, Andati, alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na hiyo ilikuwa siku ya sita anachemka na kukohoa. Alipolala begani kwa mamake, Mwongeli mwenyewe ndiye aliyenong'ona, kwa wema tu, "Mlaze kitandani, mama, hapo nyuma ya pazia." Neno lilikuwa limeshatoka ndipo akakumbuka kilichosimama dirishani juu ya kitanda. Kusimama akamzuie, na Millicent, kiongozi wao, yuko katikati ya kumwomba Mungu? Alifumba macho akajikaza, akingoja kama mtu anayengoja sindano.

"Yesu! Yesu wangu! Nani amenifanya hivi?"

Mama Andati alitoka mtoto mkono mmoja, kinyago mkono wa pili. Kilikuwa kinyago cha shubiri moja, cha mti mwekundu wa muhugu. Mwanamke. Ana kovu juu ya jicho la kushoto. Ana mwanya. Ana ile namna ya kuinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Hata kipofu angekipapasa akasema huyu ni Beldina. Na tumboni, pale pa kitovu, palikuwa na tundu la kuingia dole gumba, limechomwa kwa msumari wa moto mpaka likawa jeusi.

"Msiguse kitu," alisema Millicent, mwanamke mnene wa sauti nzito aliyeuza samaki na kuhubiri kwa sauti ileile. Alivuta pazia. Kwenye ukingo wa dirisha walikuwa wamepanga foleni wengine kumi na sita: ndege mwenye miguu ya mtu, mzee mwenye masikio ya fisi, mapacha wa mgongo mmoja, mtu aliyebeba kichwa chake kwapani. "Mama Koki," Millicent akamwita Mwongeli kwa jina la mtoto wake, "tumekuwa tukiomba hapa na hawa wanatusikiliza?"

"Ni kitabu," Mwongeli alisema. "Mume wangu anaandika kitabu."

"Hii ni miti. Kitabu kiko wapi?"

"Ni watu wa kwenye kitabu. Anawachonga kwanza ndipo awaandike. Ni hadithi tu, ya nchi isiyokuwapo."

"Kama nchi haipo," Millicent alisema, "watu wake wanatoka wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba wanatoka hapahapa, bombani, kwenye kamba za nguo, mlango kwa mlango.

Na mwaka ule ulikuwa mbaya kwa maneno kama hayo. Magazeti na redio vilikuwa vimejaa habari za waabudu shetani. Mtu akivaa pete yenye nyoka, anaulizwa. Mtoto akipotea saa mbili, watu wanaangaliana.

"Niitieni Mzee Opicho," Millicent akaamuru.

*

Katika vurugu ile ya kutoka, viatu vikitafutwa na mandazi yakikanyagwa, Mwongeli alibaki peke yake chumbani muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Aliutumia. Chini ya godoro kulikuwa na madaftari matano, ya kurasa mia mbili mbili. Manne aliyaacha. La tano alilisukuma ndani ya nguo yake, akalibana kwa ukanda wa sketi ya ndani, akajifunga leso juu.

Alijua kilichoandikwa humo kwa sababu alikuwa wa kwanza kukisikia. Mumewe, Matheka, alichonga twiga na vifaru katika chama cha wachongaji, wauzwe kwa watalii. Hiyo ilikuwa kazi ya mchana. Alfajiri, kabla ya kazi, alichonga vipande alivyookota sakafuni huko, na hao ndio walikuwa wake. Alisomea hapa na pale, hakumaliza popote, na kalamu ilimtisha. Hakuweza kumwandika mtu kabla hajamshika. Akishamchonga, anamweka mezani mbele ya mwenzake, anawasogeza, anawagombanisha kwa sauti mbili, halafu ndipo anaandika. Mwongeli alikuwa akikata nguo huku akimsikiliza. "Huyu mama angejibu nini?" Matheka anauliza. "Asingejibu," Mwongeli anasema, "angeendelea kuosha vyombo." Naye Matheka anafuta mistari sita.

Miaka saba ya hivyo. Mhariri mmoja mjini alimrudisha na kumwambia alete hadithi ya maisha ya kawaida, mazimwi ni ya watoto. Mwingine alisoma kurasa thelathini palepale, amesimama, akasema: leta yote kabla ya mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Nakala ilikuwa moja.

Na katika daftari la tano, ukurasa wa kumi na tisa, mtoto wa yule mwanamke mwenye kovu alikuwa anakufa. Anakufa kwa kukohoa. Matheka aliandika kurasa zile asubuhi ya Alhamisi, na Mwongeli aliposomewa alilia mpaka akakata kitambaa cha mteja vibaya. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Wakati ule hakujiuliza mumewe aliitoa wapi.

*

Mzee Opicho alikuwa mtunzaji wa ploti, wa kukusanya kodi na kufunga bomba, na pia mzee wa kanisa. Alikuja amevaa koti. Aliviangalia vinyago bila kuvigusa, akatoa miwani.

"Sisi si watu wa kuhukumu bila ushahidi," alisema. "Mama Koki, leta hayo maandishi. Yatasomwa hadharani. Yakiwa safi, nitasema ni safi. Yakiwa na mambo, vinachomwa vyote leo, miti na karatasi, na nyinyi mnatafuta nyumba."

"Mzee, mngoje mwenyewe arudi."

"Mwenyewe atatukuta tukisoma."

Basi ikawa hivyo. Kiti kikawekwa kwenye korido ya wazi, karibu na bomba, na milango yote ikatoa watu. Wanaume waliorudi kazini walisimama na mikoba yao. Vinyago vilimwagwa kwenye saruji kama samaki. Mama Andati alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mtoto kifuani, hamwangalii mtu.

Opicho alisoma polepole, kidole kwenye mstari, akiruka kurasa nyingi kutoka daftari hadi daftari. Ilikuwa nchi iliyo chini ya kilima, ambako moto wote wa dunia umezimika. Watu wanakula vyakula vibichi na kulala wamekumbatiana. Kaa moja tu la moto limebaki, na mwanamke aitwaye Sindalo amelificha tumboni mwake ili wakuu wasilichukue. Kila asubuhi majirani wanakuja mmoja mmoja kuota moto kwenye tundu la tumbo lake, naye anawakaribisha, na kila anayeota anamwacha na baridi zaidi.

Kelele zilipungua. Mtoto mmoja akauliza, "Halafu?" akanyamazishwa.

Wakafika kwa mtoza ushuru wa Daraja la Mifupa. Huyo ana masikio ya fisi, anajua mlango wa kila mtu, na tarehe tano ya kila mwezi anapita akinusa vitasa. Opicho alisoma kwa madaha. "'Akavaa koti lake, maana bila koti hakuna aliyemwogopa.'" Nyuma mtu akacheka kwa pua. Kijana mmoja akasema, "Ai, huyu namjua!" na ploti nzima ikapasuka. Opicho aliinua macho juu ya miwani, asijue wanachocheka, akasema, "Kweli, watu wa namna hii wapo," na wakacheka zaidi. Hata Millicent aliziba mdomo kwa leso.

Mwongeli alianza kupumua. Ilikuwa inapita. Mungu wangu, alifikiri, wanaipenda.

Ndipo Matheka akaingia langoni, mfuko wa tezo na patasi begani, vumbi la mbao kwenye nywele. Aliviona vinyago chini. Aliona daftari lake mikononi mwa Opicho. Alikuwa mwanaume mrefu, na alisimama pale kama mtu aliyekuta watu wamevaa nguo zake.

"Karibu, Baba Koki," Opicho alisema. "Tunasoma kazi yako."

"Naona."

Mama Andati aliinuka kwenye ndoo. Sauti yake haikuwa kubwa. "Kwa nini mimi?"

Matheka alitazama chini. "Sikuwa na nia mbaya, mama."

"Sijakuuliza nia. Watu wamejaa Kayole hii. Kwa nini uso wangu?"

"Kwa sababu ukija bombani, watu wanakupa shida zao na wewe unapokea. Millicent alipougua nani alimpikia? Mama wa chumba cha kumi alipojifungua? Nilitaka mtu wa kubeba moto. Nikatafuta sana. Kila nikichonga, mkono unakuja kwako."

"Ungeniuliza."

"Ningeuliza nini?"

"Hivyo! Ungeniuliza hivyo!"

Opicho aligonga daftari kwenye goti. "Ngojeni, la nne linaisha. 'Usiku huo Sindalo alirudi akamkuta mwanawe amelala mlangoni. Alipomgusa alikuwa moto kuliko kaa lililo tumboni mwake. Na mtoto akaanza kukohoa.'" Alifunua ukurasa. Ulikuwa jalada. "Imeishia hapo."

Hakuna aliyecheka. Macho yote yaliondoka kwa Opicho yakaenda kwa Andati, ambaye wakati huohuo, kama aliyeitwa, alikohoa.

"La tano liko wapi?" Opicho aliuliza.

"Hajaliandika," alisema Mwongeli, haraka mno.

Matheka alimgeukia. Mwongeli alimkazia macho kwa nguvu zote za miaka kumi na moja ya ndoa: nyamaza, mwanaume, leo tu. Kona ya daftari ilikuwa inamchoma ubavu.

"Baba Koki," Mama Andati alisema. "Huyo mtoto anapona?"

Kusema ndiyo kungegharimu nini? Neno moja. Watu wangerudi vyumbani, mandazi yangeliwa, daftari lingefika mjini. Lakini Mwongeli alimjua mumewe. Mambo ya duniani alidanganya kama kila mtu, alimwambia mwenye duka kwamba atalipa kesho na wageni kwamba ameshiba. Mambo ya nchi ile ya chini ya kilima hakuwahi kudanganya hata mara moja.

"Anakufa," Matheka alisema.

*

Makelele yaliyozuka yalisikika mpaka barabara kuu ya Spine Road. Millicent alianza kukemea kwa jina la Yesu. Mtu alimshika Matheka kola, mwingine akamsukuma ukutani, tezo ikaanguka kwa mlio. Mwongeli alijirusha katikati yao, na hapo leso ikafunguka, na daftari la tano likatoka ndani ya nguo yake likaanguka kwenye maji ya bomba, mbele ya kila mtu.

Sijui kama kuna aibu inayozidi hiyo, kukamatwa na uongo uliouficha mwilini. Alitamani saruji ifunguke.

"Mlijua," Millicent alisema. "Nyote wawili mlijua."

Opicho aliliokota, akalifuta kwa mkono wa koti. Alitafuta mahali penyewe, akasoma kimya, midomo ikitembea, na uso wake ukabadilika. Kisha akatoa kalamu mfukoni. "Utakata hii. Hapahapa. Kata, andika kwamba mtoto amepona. Tukiona kwa macho yetu, hatutagusa kitu. Andika uende zako."

"Andika!" watu wakaitikia.

Mama Andati alipita katikati yao. Alikuwa ameacha hasira kwenye ndoo. "Andika, Baba Koki," alisema, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele zote. "Nakuomba. Ni neno moja tu. Wewe andika."

Matheka alichukua kalamu. Mkono uliojua kutoa ukope kwenye mti ukashusha ncha kwenye karatasi.

"Usiandike," Mwongeli alisema.

"Mama Koki, wewe nyamaza, umeshasema uongo mmoja leo."

"Nimesema. Sasa nasema kweli." Alisimama hana leso, nguo imelowa. "Akiandika, amekubali kwamba kalamu yake inaponya na kuua. Na huyu mtoto akizidiwa kesho, mtarudi. Mtarudi na mafuta ya taa. Usiandike, Matheka."

Matheka alimrudishia Opicho kalamu. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Mama Andati, na alichosema kilikuwa kigumu, alikisema kama mtu anayejitoa mwiba.

"Kalamu yangu haifanyi kitu, mama. Lakini nimekukosea. Alhamisi asubuhi ulikuwa unateka maji, mtoto uko naye mgongoni. Nikaona mbavu zake zinavyoingia ndani akivuta pumzi. Kifua kinabonyea, hapa chini. Nikasema moyoni, huyu mtoto ni mgonjwa sana. Nikarudi ndani nisije nikasahau inavyoonekana. Nikaiandika. Ningekuambia. Badala ya kukuambia, nikaiandika."

Kumbe ndiko alikoitoa. Naye Mwongeli aliililia ile sehemu, akaisifu, na mtoto mwenyewe alikuwa milango mitatu kutoka pale.

Mama Andati hakumpiga, ingawa wote walimngoja ampige. Alikaa chini kwenye saruji, katikati ya vinyago, akamfungua mtoto sweta. Kisha fulana. Watu waliinama kuona. Kila pumzi, nyama iliyo chini ya mbavu ilibonyea kama inayovutwa kwa uzi kutoka ndani, na mdomo ulikuwa na rangi ya majivu.

"Mliniambia ni baridi," alisema kwa sauti ndogo, akimtazama Millicent. "Mkaniambia nimeshapokea uponyaji, nisitie shaka. Siku sita. Kila anayenisalimia ananiambia anaonekana afadhali."

"Tulikuwa tunakutia moyo, dada."

"Mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka hospitali nikarudi na blanketi tupu." Aliiambia saruji, si mtu. "Nikaapa sirudi."

"Tutaenda wote," Mwongeli alisema. "Inuka. Sitakuacha pale, nitakaa mpaka mwisho wake. Inuka, mama, sasa hivi."

Mama Andati aliinuka. Matheka alinyoosha mikono, na Mama Andati, baada ya kumtazama usoni, akampa mtoto, maana miguu yake Matheka ilikuwa mirefu na stendi ilikuwa mbali. Opicho, aliyeona mambo yanamponyoka, alikuwa anavisukumia vinyago kwenye gunia kwa kiatu. "Hivi lazima vichomwe," alisema.

"Vichome," Mama Andati alimjibu langoni, bila kugeuka sawasawa. "Hata mimi nichome, huo uso siutaki. Lakini madaftari msiguse."

"Mama Andati, hayo ndiyo yenye—"

"Nimesema msiguse. Mwanangu yumo."

*

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye viatu vya mpira. Alimsikiliza Andati kifua mara moja tu, akamnyakua, akapiga kelele aletewe oksijeni. Nimonia, mapafu yote mawili. Alisema mengine pia, kwa ukali wa mtu aliyechoka, kuhusu wazazi wanaongoja, na Mama Andati aliyapokea yote ameinamisha kichwa upande. Mwisho alisema wasubiri nje. Siku mbili hizi ndizo zitakazosema.

Benchi lilikuwa la ubao, limelainishwa na watu. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya madirisha machafu, na mhudumu alipita akiwasha taa moja, akiruka moja. Matheka alisimama mbali, karibu na mlango, hakuthubutu kukaa nao. Mikono yake alikuwa hajui aiweke wapi. Mwongeli alimtazama akafikiri: hana hata mmoja sasa. Kumi na saba, miaka saba, majivu. Na siku kumi na mbili. Ataandikaje bila kushika? Kisha akajionea haya kwa kufikiria hilo mahali pale.

Kama saa nzima ikapita. Nyuma ya ule mlango mtoto alikohoa, na wote watatu waliacha kupumua mpaka akakohoa tena.

"Yule mama," Mama Andati alisema ghafla.

"Yupi?"

"Wa kitabu. Mtoto akishakufa. Anafanya nini?"

Mwongeli alifikiria amdanganye, akaona ameshamaliza uongo wake wa wiki. "Sijui. Hapo ndipo alipofika. Tangu Alhamisi amekwama. Anasema hajui mtu anaamkaje siku inayofuata. Amejaribu kumfanya alie, amejaribu kumfanya azime moto awaache wote wagande. Anafuta."

"Halii," Mama Andati alisema. "Siku inayofuata halii. Hiyo ni baadaye sana."

Alijifuta uso kwa viganja, kwa nguvu, kama anayeosha masizi. Halafu akamtazama Matheka kule mlangoni, kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mwizi anayejua nyumba yake yote.

"Anajua kuchonga kovu," alisema. "La ndani halijui. Mwambie hivi, Mama Koki. Nikitoka hapa, na nikitoka vyovyote nitakavyotoka, asiandike hata mstari mmoja wa yule mama mpaka aje kwangu, akae chini, aniulize."